Kimbia, pumzika, kimbia tena: mwongozo kamili wa mazoezi ya vipindi kwa moyo na pumzi

Kila Jumamosi alfajiri barabara za Dar es Salaam hujaa watu wa jogging. Fulana za rangi moja, nyimbo za mchakamchaka, mmoja anaimbisha na wengine wanaitikia. Nimekimbia katika kundi la namna hiyo kwa miaka sita, na kuna jambo limenisumbua muda mrefu: wengi wetu tunakimbia kasi ile ile, njia ile ile, mwaka mzima. Miezi mitatu ya mwanzo pumzi huongezeka, kisha inagota. Aliyekuwa akihema kwenye mwinuko wa daraja mwaka juzi, mwaka huu bado anahema pale pale.

Sababu ni nyepesi kueleweka. Moyo umeshaizoea ile kazi, na mwili haujengi kitu usichokihitaji. Ukitaka pumzi iongezeke lazima uupe moyo kazi iliyo juu kidogo ya mazoea yake, kwa muda unaoweza kuuvumilia, kisha uupumzishe ili uweze kuirudia kazi hiyo. Hayo ndiyo mazoezi ya vipindi: unakimbia kwa kasi ya kukuhemesha kwa dakika zilizopimwa, unapunguza mpaka pumzi irudi, unarudia. Kila kipande cha kasi hapa nitakiita mkupuo.

Mpango ninaoueleza ni wa wiki 12. Unamfaa mtu mzima ambaye tayari anaweza kukimbia polepole nusu saa bila kusimama. Kama bado hujafika hapo, tumia wiki sita za kwanza kutembea haraka ukichanganya na kukimbia taratibu, siku nne kwa wiki, kisha urudi kwenye mpango huu. Usiruke hatua hiyo. Mifupa na kano huchelewa kuimarika kuliko moyo, na waliokimbilia kasi kabla ya miguu kuwa tayari ndio walioishia kukaa nyumbani na maumivu ya ugoko.

Kinachotokea kifuani

Ukiwa umekaa unasoma hapa, moyo wako huenda unapiga mara 70 kwa dakika, na kila pigo linasukuma takriban mililita 70 za damu. Zidisha: ni karibu lita 5 kwa dakika. Ukikimbia kwa nguvu zote, mapigo yanaweza kufika 180, na kila pigo kwa mtu asiye na mazoezi makubwa likabeba kama mililita 110. Hapo ni karibu lita 20 kwa dakika.

Sasa, idadi ya juu kabisa ya mapigo haiongezeki kwa mazoezi. Inategemea zaidi umri na maumbile, na inapungua kadiri miaka inavyokwenda. Kinachoweza kuongezeka ni ujazo wa kila pigo. Chemba ya kushoto ya moyo inajifunza kutanuka na kupokea damu nyingi zaidi, misuli yake inasukuma kwa nguvu zaidi, na damu yenyewe huongezeka, hasa maji yake, ndani ya wiki mbili za mwanzo. Kule miguuni vimishipa vyembamba vinavyozunguka misuli huongezeka, na mitokondria, vile vijitanuru vya ndani ya seli vinavyotumia oksijeni kutengeneza nguvu, huongezeka pia. Pigo moja linabeba zaidi, na misuli inaitumia vizuri zaidi oksijeni iliyoletwa. Huko ndiko kuongezeka kwa pumzi. Mapafu ya mtu mwenye afya kwa kawaida hayakuwa tatizo.

Mwaka 2007 watafiti wa Trondheim, Norway, walichapisha majaribio waliyowafanyia vijana 40 wenye afya kwa wiki nane, siku tatu kwa wiki. Waliwagawa makundi manne, na jumla ya kazi waliyofanya ililinganishwa. Kundi moja lilikimbia polepole dakika 45, jingine kasi ya kati dakika 24 hivi, la tatu likapokezana sekunde 15 za kasi na 15 za taratibu, la nne likafanya mikupuo minne ya dakika nne. Makundi mawili ya kasi isiyobadilika hayakuongeza kiwango cha juu cha oksijeni mwilini kwa namna ya maana. Kundi la 4 kwa 4 liliongeza asilimia 7.2, na ujazo wa pigo la moyo ukapanda kwa karibu asilimia 10. Rudi kwenye hesabu yetu ya lita 20 uongeze asilimia 10: lita mbili za damu kila dakika, kutoka kwenye moyo ule ule.

Wazo lenyewe ni la zamani. Miaka ya 1930 huko Ujerumani, kocha Woldemar Gerschler na daktari Hans Reindell walikuwa wakiwakimbiza wanariadha mpaka mapigo yafike 180, kisha wanasubiri yashuke hadi 120 ndipo waanze tena. Mapigo yakichelewa kushuka, mazoezi yanakatishwa. Waliamini kwamba faida kubwa inapatikana ndani ya lile pumziko, wakati mapigo yanapungua huku damu nyingi bado inarudi moyoni. Rudolf Harbig, aliyefundishwa na Gerschler, alikimbia mita 800 kwa 1:46.6 mjini Milan mwaka 1939, na rekodi hiyo haikuvunjwa mpaka 1955. Iten nchini Kenya, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, Alhamisi ni siku ya fartlek: kundi kubwa linatoka pamoja kwenye barabara ya vumbi, dakika moja kasi, dakika moja taratibu, mara ishirini au zaidi. Ukitazama dakika zile za taratibu ndipo utashangaa. Mabingwa wa dunia wanajikokota kama watu wanaotoka sokoni.

Kabla ya kuanza: pima

Nenda kituo cha afya upime shinikizo la damu na sukari. Hili nalisisitiza kwa moyo wote, kwa sababu presha haina dalili na wengi wetu tunaibeba bila kujua. Kama umewahi kupata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzirai ukiwa kwenye kazi nzito, kama kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana, kama una ugonjwa wa moyo, kisukari, selimundu au una mimba, zungumza na daktari kwanza na umweleze bayana kwamba unataka kukimbia kwa kasi, usiseme tu "mazoezi".

Ukiwa na homa, acha. Iwe malaria, dengue au mafua mazito, usifanye mikupuo mpaka homa iishe kabisa na upite angalau wiki nzima ya kutembea na kukimbia taratibu. Baadhi ya virusi hushambulia msuli wa moyo, na kuukimbiza moyo uliovimba ni hatari ya kweli.

Kuijua kasi yako

Kuna hesabu mbili za kukadiria mapigo ya juu. Ya zamani ni 220 ukitoa umri. Ya pili ni 208 ukitoa asilimia 70 ya umri, na hii inawafaa zaidi wenye umri mkubwa. Kwa mtu wa miaka 40 zote zinatoa 180. Kwa wa miaka 60 ya kwanza inatoa 160, ya pili 166. Mikupuo mirefu inalenga asilimia 85 hadi 95 ya namba hiyo, kwa hiyo wa miaka 40 anatafuta mapigo kati ya 153 na 171. Pumziko linalenga asilimia 70 hivi.

Kama una saa inayopima mapigo, vizuri, lakini zile za mkononi huchelewa kusoma kasi inapobadilika ghafla, na jasho linaziyumbisha. Mimi naamini mdomo zaidi. Katika mbio za taratibu unaweza kumsimulia mwenzako habari za harusi mwanzo hadi mwisho. Katika mkupuo unaofaa unaweza kutoa maneno mawili, matatu: "bado ngapi?" Ukiweza kujibu kwa sentensi nzima, ongeza kidogo. Ukishindwa kutoa hata neno kabla ya dakika ya pili, umezidisha, punguza hapo hapo.

Joto la pwani nalo lina hesabu yake. Kati ya Desemba na Machi, kasi ile ile itakupandishia mapigo zaidi, kwa sababu moyo unapeleka damu kwenye misuli na kwenye ngozi kwa wakati mmoja. Siku hizo fuata hisia na muda, usilazimishe kasi uliyokimbia Julai. Toka saa kumi na moja na nusu alfajiri, au jioni jua likishatua.

Wiki 12

Wiki ya 1 na ya 2: mikupuo 6 ya dakika 1, katikati unatembea dakika 2.

Wiki ya 3 na ya 4: mikupuo 5 ya dakika 2, pumziko dakika 2.

Wiki ya 5 na ya 6: mikupuo 4 ya dakika 3, pumziko dakika 3.

Wiki ya 7: pumzisha mwili. Mikupuo 3 ya dakika 2, basi.

Wiki ya 8 na ya 9: mikupuo 3 ya dakika 4, pumziko dakika 3.

Wiki ya 10 na ya 11: mikupuo 4 ya dakika 4, pumziko dakika 3.

Wiki ya 12: siku moja ya mikupuo 4 ya dakika 1, kisha kipimo nitakachokieleza chini.

Wiki nne za kwanza fanya hivi mara moja tu kwa wiki. Kuanzia wiki ya 5 unaweza kuongeza siku ya pili, ziachane kwa saa 48 au zaidi. Siku nyingine mbili au tatu kimbia taratibu, taratibu ya kweli, ile ya kusimulia harusi. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu: siku ya taratibu wanaongeza kasi kwa sababu wanajisikia vizuri au wamepitwa na mtu, siku ya mikupuo wanafika wamechoka, na wiki nzima inakuwa kasi ya katikati. Yaani wamerudi walikotoka.

Siku ya mikupuo, dakika kwa dakika

Nichukue siku ya 4 kwa 4, kwa sababu mikupuo mifupi inafuata mtindo ule ule.

Sisi huifanya Jumatano kwenye Daraja la Tanzanite, lenye kilomita moja na kidogo, upepo wa bahari unakupiga ubavuni. Tunaanza kwa kupasha mwili dakika 10, kukimbia taratibu kabisa. Kisha mbio fupi nne za sekunde 15 hadi 20, kila moja ukiongeza kasi polepole bila kukaza mwili, ukirudi kwa kutembea. Usianze mikupuo na misuli baridi. Nyama za nyuma ya paja hazisamehe.

Mkupuo wa kwanza. Dakika ya kwanza utaona ni rahisi mno, na hapo ndipo penye mtego. Moyo unachukua dakika moja na nusu hadi mbili kufika kwenye kazi unayoupa. Kasi ambayo ni nyepesi sekunde ya 40 ndiyo itakayokuhemesha dakika ya tatu. Dakika mbili za mwisho ndizo unazozifuata, zile mbili za mwanzo ni nauli ya kufika huko. Mabega yashushe, vidole visikunjwe ngumi, hatua ziwe fupi na za haraka.

Dakika nne zikiisha usisimame. Damu iliyojaa miguuni inahitaji misuli iendelee kukamua ili irudi moyoni, ukisimama ghafla unaweza kuona kizunguzungu. Tembea kidogo, kisha jikokote kwa kukimbia taratibu mpaka dakika tatu zitimie. Mkupuo wa pili utafanana na wa kwanza. Wa tatu ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu uchovu umefika na mwisho hauonekani. Wa nne mtu huupata kwa kujua kwamba ni wa mwisho.

Kipimo cha siku nzuri ni usawa. Dada mmoja wa kundi letu, mwenye miaka 38, siku yake ya kwanza aliondoka kama anawahi daladala. Mkupuo wa kwanza alifika nguzo ya taa ya 22, wa pili ya 17, wa tatu akakatiza njiani, mikono magotini, uso umembadilika. Wiki iliyofuata nilimwomba aanzie kasi anayoona aibu nayo. Akafika nguzo ya 19, ya 19, ya 18, ya 19. Ukijumlisha nguzo za ile siku ya kwanza hazifikii hizi, na muda ambao moyo wake ulikaa kwenye kazi ya juu ulikuwa mara mbili au zaidi. Tangu siku hiyo kila mgeni wa kundi anapewa kazi ya kuhesabu nguzo.

Malizia kwa dakika 5 hadi 10 za kukimbia taratibu na kutembea. Kunywa maji, kula ndani ya saa moja au mbili: mihogo na maharage, chapati na mayai, uji na ndizi, chochote chenye wanga na protini. Huhitaji unga wa kopo.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

La kwanza ni Tabata. Video za dakika nne zimeenea, sekunde 20 za nguvu, 10 za kupumzika, mara nane, na watu wazima waliokaa kitini miaka kumi wanaambiwa waanzie hapo. Jaribio la mtafiti wa Japani, Izumi Tabata, la mwaka 1996 lilifanywa na vijana wenye mazoezi, juu ya baiskeli maabara, kwa ukali unaopita ule wa mazoezi yote niliyoyaeleza hapa. Pale sebuleni mtu anaruka-ruka tu na kuumiza magoti. Liache mpaka uwe na msingi wa miezi kadhaa.

La pili ni kufupisha pumziko ili kuonekana shujaa. Ukikata dakika tatu ziwe moja, mkupuo unaofuata utakuwa wa polepole, na moyo hautafika pale unapoupeleka. Kama dakika tatu zimeisha na bado huwezi kusema sentensi, ongeza moja. Mkupuo wa mwisho ukianguka sana, acha kwa siku hiyo.

Kichomi cha ubavuni mara nyingi kinatokana na kula karibu na mazoezi au kuondoka kwa kishindo. Punguza kasi, toa pumzi ndefu, kitapita. Maumivu ya kifua yanayobana, yanayopanda shingoni au mkono wa kushoto, au mapigo yanayorukaruka na kizunguzungu, hayo ni mambo mengine kabisa: simama na uende hospitali mara moja.

Wakati wa Ramadhani, kwa anayefunga, mikupuo ihamie baada ya futari na tarawehe, na ipunguzwe nusu. Mchana ubaki na kutembea. Mwezi mmoja wa kazi ndogo hauondoi ulichokijenga.

Asiyekimbia

Moyo haujui kama unakimbia au unapanda ngazi. Mwenye magoti mabovu atumie baiskeli kwa mpango ule ule. Walioko Mwanza au Mbeya wana vilima, na kilima kinakupandishia mapigo bila miguu kugonga chini kwa nguvu sana, kisha kinakupa pumziko la kuteremka. Kwa wazee, Chuo Kikuu cha Shinshu nchini Japani kilifanyia kazi njia ambayo naipenda sana: kutembea haraka dakika 3, kutembea taratibu dakika 3, mara tano, siku nne kwa wiki. Nusu saa tu, na walioifuata kwa miezi mitano waliongeza pumzi na nguvu za mapaja kuliko waliotembea kasi moja. Mama yangu ana miaka 67 na anaifanya kwa kuzunguka uwanja wa shule ya msingi, simu ikimlilia kila baada ya dakika tatu.

Kujua kama unasonga mbele

Nunua daftari. Andika vitu vitatu. Kwanza, mapigo ya asubuhi kabla hujatoka kitandani: weka vidole viwili chini ya dole gumba upande wa kiganja, hesabu sekunde 60. Baada ya wiki kadhaa yatashuka kidogo. Asubuhi yakiwa juu ya kawaida yako kwa 7 au 8, mwili haujapona au ugonjwa unakuja, siku hiyo hakuna mikupuo. Pili, mara tu mkupuo wa mwisho unapoisha hesabu mapigo kwa sekunde 15 uzidishe kwa 4, tembea, kisha hesabu tena dakika moja ikishapita. Tofauti ya namba hizo mbili itakua wiki hadi wiki, na ni dalili nzuri kwamba unasonga mbele.

Tatu ni kipimo cha dakika 12 alichokianzisha daktari Kenneth Cooper kwa wanajeshi wa anga wa Marekani mwaka 1968. Tafuta uwanja ambao unaujua urefu wa mzunguko wake, pasha mwili, kisha kimbia uwezavyo kwa dakika 12 na uandike umbali. Fanya kabla ya wiki ya 1 na mwisho wa wiki ya 12, uwanja ule ule, saa ile ile, raba zile zile.

Baada ya hapo unaweza kubaki na siku moja ya mikupuo kwa wiki na pumzi ikabaki pale ilipofika, mradi ukali wa mikupuo usiupunguze. Unachoweza kupunguza ni siku na idadi. Kasi iache ilivyo.